Namba Isiyotikisika

Nyumba yetu huamshwa na vitu viwili: cherehani yangu barazani, na randa ya mdogo wangu uani. Mimi nashona sare za shule. Yeye ni seremala, anatengeneza milango na vitanda. Yeye hulalamika kwamba pedali yangu inalia kama gari bovu. Mimi humwambia aondoe kwanza vumbi lake la mbao kwenye vitambaa vyangu, ndipo tuzungumze habari za kelele. Tumegombana hivyo tangu utotoni na bado tupo.

Zamani ilikuwepo sauti ya tatu. Ilikuwa ya binti yake, mtoto wa miaka minne. Tulimwita Chiriku kwa sababu haishiwi maneno. Alikuwa anakaa chini ya meza yangu akiokota vipande vya vitambaa, na maswali hayakwisha.

"Shangazi, kuku wana magoti?"

"Wanayo."

"Sasa mbona hawapigi magoti?"

Mimi sina subira, mtaa mzima unajua. Lakini kwa Chiriku nilikuwa nayo.

Chiriku alikufa kwa homa wakati wa mvua. Siwezi kuizungusha habari hiyo ikawa nzuri. Aliugua siku tatu, ya nne tukamzika.

Baada ya hapo mama yake alinyamaza. Huyo ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Alipika, alifua, aliitikia salamu. Lakini ukimtazama usoni unaona mwenyewe hayupo. Chakula alikigusagusa tu, akakiacha. Nguo zake nilizipunguza kiunoni mara mbili katika miezi miwili.

Siku moja nikamwambia mdogo wangu, "Mkeo anatuaga kidogo kidogo, na wewe unaranda mbao."

"Dada, funga mdomo," akasema. Lakini mikono yake ilisimama kwenye ubao, na haikuendelea.

Kilichomtoa wifi nje kila asubuhi ni kuku tu. Chiriku alipozaliwa, bibi yake mzaa mama alimletea tembe mmoja mwekundu. Tembe yule akakua, akataga, akaangua, na kuku wetu wote walitoka kwake. Tuliwaita kuku wa Chiriku. Hata mwenyewe alipoondoka, jina halikuondoka.

Mwezi wa tatu baada ya msiba, tukiwa tunakula, wifi akasema, "Nataka sanduku la kuangulia mayai."

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kutaka kitu.

"La mayai mangapi?" akauliza haraka, kama fundi anayeogopa mteja atabadili mawazo.

"Mengi. Nataka wawe wengi."

Akalitengeneza kwa siku nne, na milango ya watu ikasubiri. Lilikuwa sanduku zuri, lazima niseme. Lilikuwa la mbao, na ndani alilizungushia maboksi ya karatasi ngumu ili joto lisitoke. Kifuniko kilikuwa na dirisha la kioo. Mbavuni alitoboa matundu ya hewa. Chini aliweka bakuli pana la maji, maana hewa ikiwa kavu mno ganda la ndani hukauka na kumnasa kifaranga. Juu alifunga sehemu za taa tatu, zile taa za zamani zinazotoa joto. Tukaliweka kwenye chumba alichokuwa analala Chiriku. Wifi ndiye alitaka liwe humo.

"Kimebaki kipimajoto," mdogo wangu akasema. "Nimeulizia, sanduku lisilo na feni linataka nyuzi thelathini na nane na nusu hivi, ukipima usawa wa migongo ya mayai."

Wifi aliingia chumbani kwake. Akatoka na kipimajoto cha homa, kile cha kioo chenye zebaki ndani. Kilikuwa kwenye kasha lake la plastiki.

"Hiki kinapima joto la mwili," akasema. "Na yai linataka joto la mwili."

Alikilaza mwenyewe juu ya mayai. Akasema hataki mtu mwingine akiguse. Mimi na mdogo wangu tulitazamana, hatukubisha. Tulikijua kile kipimajoto.

Mdogo wangu aliwasha taa mbili, akafunga kifuniko, akachungulia kwenye kioo.

"Aisee! Thelathini na nane nukta nne! Papo hapo!"

"Sanduku lako lina kipaji," nikamwambia. "Halijapata moto, limeshafika."

"Fundi ni fundi, dada. Taa ya tatu ya nini sasa?" Akaiacha bila kuiwasha. Tulicheka. Hata wifi alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi.

Wifi aliyashika mayai yale kama kazi ya serikali. Kila yai alilichora alama mbili kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Mara tatu kwa siku aliyageuza, misalaba yote juu, kisha maduara yote juu. Aliongeza maji kwenye bakuli. Siku ya saba tuliyamulika kwa tochi, tukaona mishipa myekundu imetanda ndani. Kulikuwa na uhai. Na kila ukichungulia kipimajoto kilisema kilekile, thelathini na nane nukta nne, asubuhi, mchana na jioni.

"Halitikisiki!" mdogo wangu alikuwa akiwaambia wateja wake. "Njoo uone mwenyewe. Halipandi, halishuki."

Mimi nilitaka kumwambia asikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Nikamwona wifi amesimama mlangoni, nikayameza yote.

Siku ya ishirini na moja, ambayo kuku hutotoa, hakuna ganda lililopasuka. Ishirini na mbili, kimya. Siku ya ishirini na tatu mayai matatu yakatobolewa kitundu kidogo, na sauti nyembamba ikasikika ndani. Wifi alipiga magoti pembeni ya sanduku siku nzima. Sauti zilipungua, moja baada ya nyingine. Kufika jioni sanduku lilikuwa kimya, na mayai yote ishirini yalikuwa viza.

Mdogo wangu alilaumu maji, akaongeza bakuli la pili. Mimi nililaumu jogoo. Nilisema, "Yule kazi yake kuwika tu, mengine hayawezi." Jirani alilaumu kijicho cha watu. Wifi hakumlaumu mtu. Aliweka mayai mengine ishirini, akaanza upya kugeuza.

Siku ya ishirini ya mara hii ya pili, kicheche aliingia bandani. Alipita kwenye ubao uliolegea. Seremala anayefunga milango ya mtaa mzima, banda lake mwenyewe lina ubao umelegea tangu mwaka juzi! Tulikuta kuku wote kumi na wanne wamelala chini, wameumwa shingo, na jogoo wao pembeni. Yule mnyama hakula hata mmoja akammaliza.

Mdogo wangu alikaa kwenye mlango wa banda akajishika kichwa. Wifi alizunguka akawaokota mmoja mmoja, akawapanga. Kisha akaingia jikoni. Kwenye kikapu, mahali pasipo na joto, alikuwa na mayai ishirini na manne ya wiki ile, yamesimama ncha nyembamba chini. Akayachukua yote, akayalaza upande wa pili wa sanduku, karibu na yale yaliyokuwa yanangoja kutotolewa.

"Hawa ndio wa mwisho," akaniambia. "Wakifa hawa, wifi, basi."

"Basi nini?"

"Basi tu."

Mimi si mwoga, lakini neno lile nililiogopa.

Siku ya ishirini na nne mayai ya pili yakawa yamekufa kama ya kwanza. Mdogo wangu alikuja na ndoo akayatupe. Nikamzuia.

"Usiyaguse. Nakwenda kumwita Bwana Mifugo."

"Aje afanye nini? Mayai yameshakufa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Umeficha aibu ya sanduku lako mara mbili. Ya tatu sikuachii."

Huyo Bwana Mifugo wetu ni mwanamke, binti wa miaka thelathini hivi, ana buti za mpira na pikipiki. Watu wamezoea jina la cheo, naye amechoka kusahihisha. Nilimkuta ofisini kwake akijaza fomu. Nilipomweleza, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Mayai yaliyokufa mmeyatupa?"

"Yapo kwenye ndoo."

"Vizuri sana, mama. Watu wengi huniita mayai yakishafika jalalani. Hapo naweza kubahatisha tu."

Alikuja saa nne asubuhi. Alitandika gazeti uani, akavaa glavu, akaanza kupasua mayai moja moja. Harufu ilikuwa kali. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua mbili. Wifi alisogea mbele.

Ndani ya yai la kwanza alikuwemo kifaranga mzima. Alikuwa na manyoya yaliyolowa, mdomo na kucha. Tumboni kiini cha njano kilikuwa bado kinaning'inia nje.

"Mnaona?" Bwana Mifugo akasema. "Huyu amekufa akiwa ametimia kila kitu. Angekufa wiki ya kwanza, ningewauliza mayai mliyahifadhi siku ngapi. Yangekuwa meupe tu ndani, ningeuliza jogoo."

"Nilimsingizia marehemu," nikasema.

"Angekuwa amekauka na kunata kwenye ganda, ningeuliza maji. Lakini hajanata. Amelegea, na kiini hakijaingia tumboni. Yai la kwanza mliona limetobolewa siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na tatu," wifi akajibu. "Mara zote mbili."

Akapasua la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa vilevile.

"Hawa walichelewa," akasema. "Walikua polepole, na walipofika mlangoni hawakuwa na nguvu ya kutoka. Sanduku lenu lina baridi."

Mdogo wangu alicheka kwa uchungu. "Bwana Mifugo, heshima yako iko palepale. Lakini hapo hapana. Sanduku langu nalijua. Kipimajoto kinasema thelathini na nane nukta nne kutwa kucha. Tangu siku ya kwanza hakijasogea hata nukta moja."

Yule binti aliacha kupasua mayai, akamtazama.

"Hata nukta moja?"

"Hata moja."

"Umeme ulipokatika?"

Umeme ulikuwa umekatika wiki iliyotangulia, saa mbili nzima. Tulifunika sanduku kwa blanketi. Tulipochungulia ilikuwa thelathini na nane nukta nne, na yeye akasifu mbao zake.

"Fundi," Bwana Mifugo akasema, "hakuna sanduku duniani lisilopanda wala kushuka. Namba ikikaa palepale wiki sita, ujue hausomi joto la sanduku. Hebu nione hicho kipimajoto."

Tuliingia chumbani. Alifungua kifuniko, akachungulia, akatikisa kichwa. Akatoa cha kwake kwenye begi, chenye wino mwekundu, akakilaza palepale juu ya mayai. Tulisubiri tumesimama kama watu wanaongoja majibu ya hospitali.

"Thelathini na sita," akasoma. "Yanahitaji mbili na nusu zaidi."

"Na hiki chetu?" mdogo wangu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiki ni cha homa. Kimetengenezwa ili mgonjwa akitolewa kwapani, namba ibaki, daktari apate muda wa kusoma. Zebaki ikipanda haishuki yenyewe mpaka ukikung'ute kwa nguvu. Hii thelathini na nane nukta nne si ya mayai haya. Ni ya mtu wa mwisho kupimwa. Hamkukikung'uta."

Akakichukua katikati ya vidole, akainua mkono.

"Usikung'ute!"

Sikuwahi kumsikia wifi akipiga kelele kabla ya siku ile, hata mazikoni. Bwana Mifugo aliganda mkono ukiwa hewani. Wifi akakipokea taratibu, akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Nimekosea nini?" binti wa watu akauliza.

Mdogo wangu aligeukia ukuta. Ikabidi niseme mimi.

"Ni cha mtoto wetu. Alikuwa na nyuzi arobaini. Jioni tukampima tena, ikasoma hiyo thelathini na nane nukta nne. Tukafurahi, tukasema imeshuka. Hakuamka. Ndiyo namba yake ya mwisho."

Bwana Mifugo alivua glavu.

"Poleni," akasema. "Poleni sana. Sikujua."

Kisha wifi akasema, na alikuwa anaongea na kipimajoto zaidi kuliko na sisi: "Najua hukung'utwa. Kliniki walinifundisha. Nilijiambia sandukuni hakuna haja, kinalala humo muda wote, joto likipungua kitashuka chenyewe. Nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba mkono ulikataa. Hili ni joto lake. Ndilo nililobaki nalo."

Sasa nieleze shida ilivyokuwa, maana ilikuwa shida ya kweli. Mdogo wangu aliwasha taa ya tatu. Baada ya saa moja kipimajoto cha ofisi kilisoma thelathini na tisa na nusu. Joto likizidi hivyo, yai hufa upesi kuliko kwa baridi. Ikabidi taa ile iinuliwe juu kidogo, matundu mawili yafunguliwe, tupime tena, tuirekebishe tena. Lilifika thelathini na nane na nusu. Lakini jua likizama joto la chumba hupungua, na mchana huongezeka. Ilibidi mtu apime kila mara, siku zote. Na Bwana Mifugo alikuwa anafunga begi lake.

"Hiki ni cha ofisi, ninacho kimoja tu," akasema. "Leo nina mabanda matatu ya kukagua. Nitawatafutia kingine mjini, lakini ni wiki ijayo."

"Mayai yana siku nne tu," mdogo wangu akasema. "Wiki nzima tupime kwa kitu gani? Kwa mkono?"

"Mkono unadanganya." Alimtazama wifi, akashusha sauti. "Dada, sikulazimishi. Hicho chako ni kizima, hakina ubovu. Ukikikung'uta nje ya sanduku, ukakilaza juu ya mayai dakika tano, kitakwambia kweli. Asubuhi, mchana, jioni, na unakikung'uta kila mara. Ushike imara kisigonge kitu, zebaki ni sumu. Bila hivyo tunarudi kubahatisha, na mayai haya yameshapigwa na baridi siku nne. Hayana nafasi nyingine."

"Nitasafiri mjini kesho," mdogo wangu akasema. "Nitatafuta duka hadi duka. Mke wangu, usifanye. Bora mayai yafe."

Wifi alilitazama sanduku. Mayai ishirini na manne yalikuwa yamelala, misalaba juu.

"Niache," akamwambia mumewe.

Akanyoosha mkono, akachomoa sikioni mwa mumewe ile penseli bapa ya useremala. Akainama ubavuni mwa sanduku. Juu kabisa ya ubao akaandika kwa uangalifu, kama mtoto anayejifunza kuandika: 38.4. Akairudia kwa penseli mara ya pili ili ikolee.

Kisha akasogea katikati ya chumba, akashika kipimajoto, akakikung'uta. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Uzi wa zebaki ulikuwa umerudi chini kabisa.

"Haya," akasema, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. "Pimeni."

Mdogo wangu alitoka uani. Nilisikia randa ikianza, ikasimama, ikaanza, ikasimama.

Tuliishi na sanduku lile wiki nzima. Wifi alikung'uta, akapima, akaandika. Chini ya ile namba ya kwanza zikafuata nyingine, kila moja na siku yake. 37.9. Akateremsha taa kidogo. 38.6. Akaiacha. 39.1. Akafungua tundu. Hazikufanana, na kila ilipobadilika mdogo wangu alikunja uso, maana alikuwa amezoea kujisifu. Lakini sasa tulijua kinachoendelea ndani.

Bwana Mifugo alikuja siku aliyosema, akaleta kipimajoto kingine, kinachopanda na kushuka chenyewe. Wifi alirudisha cha homa kwenye kasha lake. Niliwaza moyoni, kama tungeisubiri ile wiki, asingelazimika kukikung'uta. Na mayai yangekuwa viza.

Tulimulika. Matano hayakuwa na uhai, tukayatoa. Yakabaki kumi na tisa.

"Siku ya kumi na nane acheni kugeuza," Bwana Mifugo akatuonya. "Hakikisheni maji yamejaa, kisha msifungue tena. Hata mkisikia sauti. Mkifungua, hewa kavu inaingia, ganda la ndani linamkaukia kifaranga. Someni joto kwa kioo. Na kwa ile baridi ya mwanzo, watachelewa kidogo. Msiwasaidie."

"Huyu ndiye mwenye shida," wifi akasema akininyooshea kidole. "Hajui kutochungulia."

"Mimi? Nitashona macho yangu," nikajibu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitania tangu mvua.

Siku ya ishirini na moja tulikaa wawili sakafuni, tumeegemea ukuta. Ndani ya sanduku kimya. Chumba kilinuka mbao na vumbi la taa. Nilikuwa na neno nililolificha miezi yote ile. Nilijua nisipolisema pale sitalisema tena.

"Wifi. Jioni ile. Mimi ndiye niliyesema imeshuka, mwacheni alale, kliniki mtakwenda asubuhi."

"Najua."

"Wewe ulikuwa umeshavaa viatu."

"Najua, wifi. Nilikuwepo." Alitazama mikono yake. "Na mimi nilifurahi uliposema. Nilivivua."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Nililia kwa sauti mpaka mdogo wangu akaja kuchungulia mlangoni. Wewe unayesoma, kama una mtoto mwenye homa kali ya siku mbili tatu, mpeleke. Hata ikishuka. Namba ni ya dakika uliyopima tu, haikwambii kitakachotokea baadaye.

Siku ya ishirini na mbili, saa mbili asubuhi, yai moja lilitobolewa. Likafuata la pili. Tulikaa kwenye kioo kama watu wanaotazama mpira. Hatukufungua. Mmoja alihangaika tangu asubuhi hadi alasiri, akachoka, akalala mdomo ukiwa nje ya ganda. Wifi alishika kifuniko. Mkono wake ulikaa juu yake muda mrefu. Akauondoa. Yule hakutoka tena.

Lakini wengine walitoka. Walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa dhaifu, wakafa kabla ya siku ya tatu. Wakabaki tisa, na wanne kati yao wekundu kama yule tembe wa kwanza. Tisa katika mayai ishirini na manne si wengi. Bwana Mifugo alisema mayai yakianza na joto sahihi tangu siku ya kwanza, tutegemee zaidi. Mdogo wangu alijenga banda jipya kabla ya kumaliza mlango wa mtu yeyote, na ubao wa chini akaufukia ardhini ili kicheche asipite. Mchana banda lilipokamilika wifi alikula sahani nzima, kisha akaomba chumvi kwa kunilaumu mimi niliyepika.

Sasa ni mwaka. Watu huja kuomba wifi awaangulie mayai, au awafundishe. Juzi alikuja kijana mmoja fundi umeme, aliyetengeneza sanduku lake kwa friji bovu. Amepoteza mayai thelathini. Wifi alimuuliza kama ameyatupa, akasema hapana. Akamsifu. Akamwonyesha ubao wenye namba, kuanzia juu hadi chini.

"Hii ya juu kabisa mbona haina siku?" kijana akauliza.

Nilisimamisha pedali.

"Hiyo haikuwa ya mayai," wifi akasema. "Wewe soma za chini. Nyumbani unapimia nini?"

"Sina kitu, mama. Napima kwa mkono."

Wifi aliingia chumbani kwake. Alikaa huko kidogo. Akatoka na lile kasha la plastiki, akakitoa kipimajoto, akamwonyesha jinsi ya kukishika imara na kukung'uta mkono ukiwa mbali na ukuta.

"Ukilaze dakika tano, usome, ukikung'ute tena," akamwambia. "Kila mara. Ukiona namba haisogei, usifurahi."

Kisha akakiweka kwenye kiganja cha kijana, akamfunga vidole juu yake.

"Vifaranga wakitoka, utanirudishia."